Mikono Miwili, Mwandiko Mmoja

Muleba, 6 Machi 1950

Mwanangu Datius,

Nakusalimu wewe, namsalimu Immakulata mkeo, namsalimu na huyo aliye tumboni ambaye bado hajaonja uji. Sisi huku tupo. Mgongo unauma nikiinama na hauumi nikisimama, basi nimeamua kusimama. Mvua imekuja vizuri na migomba imejaa. Wale kuku wawili ulioniachia nimekula mmoja. Usikasirike, alikuwa hatagi.

Sasa nikueleze raha zangu. Tangu uliponifundisha kusoma wakati wa likizo yako, sina adabu tena, nasoma kila kitu. Muhindi wa dukani akinifungia chumvi kwa gazeti, naimwaga kibuyuni upesi upesi nipate karatasi. Juzi nilisoma habari ya mtu wa Tabora aliyemshitaki jirani yake kwa ajili ya mbuzi, na karatasi ikakatika palepale hakimu alipofungua mdomo! Nikarudi dukani kununua chumvi nisiyoihitaji, nikapata tangazo la baiskeli. Nasoma magunia ya kahawa, nasoma sabuni, nasoma mlango wa lori la Yunus mpaka yeye mwenyewe anauliza kama nimeona kosa.

Na kuandika je! Kila asubuhi nikitoka kupalilia nakaa mlangoni, naweka barua yako moja gotini na kuifuatisha herufi kwa herufi, mkia kwa mkia, kama ulivyonizoesha. Hata ile mistari yako miwili chini ya kichwa cha habari naipiga. Nimeandika majina ya migomba yangu kwenye vipande vya ubao na kuvichomeka shambani. Ephrasia jirani yangu aliniuliza kama migomba nayo itasoma. Nikamwambia atangulie yeye.

Huyo Ephrasia sasa anakaa jikoni kwangu. Rugemalira amemtoa kwenye kibanja chake, shamba na nyumba. Unajua ardhi yetu yote hii ni nyarubanja ya ukoo wake, na sisi watwarwa wao tunalima kwa idhini yao tangu enzi za babu zetu. Baba yake alitosheka na mikungu ya ndizi na mitungi ya pombe ya rubisi. Huyu mtoto anataka ardhi yenyewe apande kahawa yake. Ephrasia ameacha makaburi matatu chini ya migomba, la mumewe na ya watoto wawili, na amekatazwa hata kwenda kuyafagia. Wanasema tutafuata sisi wengine, nyumba kumi na mbili kwa jumla. Datius, kaburi la mume wangu lipo hatua nane kutoka mlangoni. Naogopa.

Nikuulize kitu kidogo tu, kwa kutaka kujua. Mtu akitaka Bwana Shauri, mkuu wenu wa wilaya hapo ofisini, aisome barua yake mwenyewe, isitupwe na makarani, anaiandikaje?

Shangazi yako,
Kokuberwa


Miembeni, Bukoba, 20 Machi 1950

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika na Yunus, ina harufu ya moshi na senene, na Immakulata amecheka kwa habari ya chumvi mpaka nikamwambia aketi chini. Hajambo, ila miguu imevimba. Mimi nami sijambo. Pole kwa mgongo. Kuku nimekusamehe.

Nimeionyesha barua yako kazini, sehemu ya juu tu, bila kusema ni ya nani. Nilikuwa na majivuno kidogo. Karani mwenzangu alisema mwandiko huu ni wa mtu aliyesoma sekondari. Nilikunywa chai yangu.

Nasikitika sana kwa Ephrasia. Mambo ya nyarubanja ni mazito na wakubwa wenyewe wanayazunguka kwa mbali. Ulilouliza kwa kutaka kujua nakujibu kwa kutaka kujua vilevile. Barua ya ofisini huwa ukurasa mmoja, haizidi. Kichwa cha habari huwekwa katikati na kupigiwa mistari. Malalamiko yapewe namba, moja, mbili, tatu. Matusi hayatakiwi. Mwishoni mtu husema yeye ni mtumishi mtiifu, hata kama hana utiifu wowote. Barua ya namna hiyo karani hathubutu kuitupa.

Lakini Shangazi, wewe usiandike. Waachie wanaume wa huko waende barazani kwa miguu yao.

Mwanao,
Datius


Bukoba, 25 Aprili 1950

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Naandika upesi kwa sababu Yunus anapakia.

Imekuja barua ofisini kutoka upande wa Muleba. Haina jina. Ina ukurasa mmoja, namba moja hadi sita, inataja makaburi, inamtaja Rugemalira. Bwana Shauri ameisoma mara mbili na amekasirika au amefurahi, kwa Mzungu yule sijui kutofautisha. Rugemalira naye amepata habari, amekuja mjini na wazee wawili wa baraza, anasema ni uchochezi na anataka mwandishi atafutwe.

Karani mkuu, Bwana Lwakatare, aliiweka barua ile mezani kwangu akasema, "Tazama mwandiko mzuri." Yeye hakuitazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi.

Sikuulizi kitu, Shangazi, na wewe usiniambie kitu. Ila nakuomba kwa jina la baba yangu, kaka yako: barua zangu zote zichome leo. Vibao vya shambani ving'oe. Usiniandikie. Mtu yeyote akikuuliza, wewe hujui kusoma, hukuwahi kujua, na kalamu hujawahi kuishika.

D.


Muleba, 9 Mei 1950

Datius,

Unasema nisikuandikie, nami nakuandikia. Ukitaka nichapwe njoo unichape mwenyewe.

Wazima? Sisi huku wazima wa kulala na kuamka. Ephrasia anawasalimu. Kahawa inaanza kuiva na hakuna anayeimba shambani.

Umesema huniulizi, basi sikujibu. Vibao nimeving'oa, nikapikia maharage. Barua zako sikuchoma. Nilizipeleka mpaka kwenye moto nikazirudisha. Nimezitia kwenye chungu cha mbegu na kufunika kwa jani. Ningezichoma ningebaki na nini? Kwa miaka hamsini na mitatu nilikuwa nikimpa mtu karatasi yangu anisomee, nikimtazama mdomo, nikijiuliza anaficha nini. Sasa nimeonja kujua mwenyewe, na wewe unaniambia nitapike.

Lakini nimekutii, usiseme sikukutii. Juzi alikuja mama mmoja wa bondeni na barua ya mwanawe aliye Kampala. Ameitembeza tangu asubuhi. Nilikuwa naona maneno "mama nimeugua" kabla hajaifungua yote. Nikamwambia macho yangu yameharibika. Akanishangaa, mwezi jana nilimsomea mistari arobaini! Basi akaipeleka kwa Rutashobya, msimamizi wa Rugemalira, na sasa Rutashobya anajua mtoto yule ni mgonjwa na kibanja kile hakina mrithi wa kukisimamia. Nimejutia kinywa changu tangu siku hiyo.

Huyo Rutashobya anazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi mfukoni. Anawaonyesha watu, anawatazama machoni. Bado hajafika kwangu. Nikisikia mtu anakohoa njiani naingia ndani na kufunga mlango.

Niambie jambo moja. Mbona uliandika jina lako herufi moja tu? Wewe huwa unaandika jina zima na kulipigia mkia.

Kokuberwa


MIEMBENI, 3 JUNI 1950

SHANGAZI MPENZI,

SHIKAMOO. USISHANGAE HERUFI HIZI KUBWA KAMA ZA MTOTO WA DARASA LA KWANZA. KIDOLE KIMEBANWA NA MLANGO, NAANDIKA KWA SHIDA.

FURAHA KUBWA: IMMAKULATA AMEJIFUNGUA MTOTO WA KIKE TAREHE 28 MEI. TUMEMWITA ALISTIDIA. ANA MASIKIO YAKO. MAMA NA MTOTO WAZIMA. MIMI NIPO NYUMBANI SIKU HIZI, WAMENIPA MAPUMZIKO, NASAIDIA KUFUA NEPI.

ILE HABARI NYINGINE IMETULIA. USIWE NA WASIWASI. ENDELEA TU KUTOJUA KUSOMA.

D.


Muleba, 18 Juni 1950

Datius mwongo,

Mtoto nimemfurahia mpaka nikapiga vigelegele peke yangu kama mwenda wazimu. Alistidia. Nimeliandika jina lake majivuni na kulifuta. Mungu amkuze. Namtumia mama yake ndizi za kutosha na samli, ale vizuri.

Sasa sikia. Alhamisi amekuja. Nilikuwa nimeanika kahawa uani, nikamwona Rutashobya ameshasimama kati yangu na mlango. Akasalimu vizuri mno. Akasema, "Mama, wewe unasifiwa kwa kusoma. Nisaidie karatasi hii ya barazani, miwani nimeisahau." Tangu lini Rutashobya ana miwani! Akainyoosha mbele ya macho yangu, naye akawa ananitazama usoni, kope hazipepesi.

Datius, macho yakishajua kusoma huwezi kuyakataza. Ukikitazama kibuyu unaona kibuyu, na ukilitazama neno linaingia lenyewe, huliombi. Niliona jina lako. Niliona "karani Datius, aliyesimamishwa kazi tarehe 2 Mei." Niliona "mwandiko wake umelinganishwa na daftari la ofisi na kuonekana ni uleule." Niliona "atashitakiwa tarehe 3 Julai kwa kuchochea watwarwa dhidi ya bwana wao." Yote hayo nimeyasoma kwa muda wa kumeza mate, na yule mtu yuko pale anasubiri shavu langu litikisike.

Nikaichukua karatasi, nikaigeuza juu chini, nikainusa. Nikasema, "Hii ndiyo ile dawa ya kunyunyizia kahawa?" Akacheka. Nami nikacheka. Nikampa maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake. Alipopinda kona nilikaa chini kwenye kahawa yangu mpaka Ephrasia alipokuja kuninyanyua.

Kidole kimebanwa na mlango! Mapumziko! Tangu tarehe 2 Mei unafua nepi za mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa! Ulijua tangu siku ya kwanza kwamba mwandiko ule ni wako, kwa sababu mimi sina mwingine. Nilijifunza kwako, nikaandika kama wewe, nikadhani kuandika ndiko huko, kwamba herufi ni hizo tu kwa watu wote, kama jembe lilivyo jembe. Hukuniambia kila mtu ana yake.

Basi nasema sasa, na wewe ulikataza nisiseme. Mimi ndiye niliyeandika. Hakuna aliyenituma. Siku nne niliiandika, nikachana karatasi tisa, na ile ya kumi nilipoisoma nilijipenda. Nakuja Bukoba.

Shangazi yako,
Kokuberwa


Miembeni, 23 Juni 1950

Shangazi,

Yunus amenipa barua yako nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na Immakulata akauliza nani amekufa. Sasa naandika kwa mwandiko wangu, sina haja ya kuuficha tena.

Usije. Nakupigia magoti, usije.

Ni kweli walinisimamisha. Sikukwambia kwa sababu nilikujua, ungepanda lori siku ileile. Lwakatare alilifunua daftari langu na barua yako mbele ya Bwana Shauri, na hata mimi nilipotazama nilitilia shaka akili yangu. Ile "k" yenye mguu mrefu, ile mistari miwili. Ningesema nini? Nikisema si mimi, wataniuliza ni nani mwingine niliyemfundisha. Kwa hiyo nimenyamaza, na wanadhani kunyamaza ni kukiri.

Naogopa, Shangazi. Mtu akibisha hodi nafikiri ni askari. Immakulata anaficha viatu vyangu asubuhi nisitoke kwenda kujikabidhi, eti kwa hasira ya kungoja. Lakini piga hesabu ya mambo yenyewe. Mimi nikifungwa miezi sita nitatoka, nitatafuta kazi kwa wanunuzi wa kahawa, mtoto atakua. Wewe ukitolewa kwenye kibanja hutarudi. Mtwarwa aliyemshitaki mwenye nyarubanja, ni baraza gani la gombolola hapo kwenu litakalomwachia mgomba hata mmoja? Na kaburi la mumeo Ishengoma utalibeba kichwani?

Na kosa ni langu. Wewe uliuliza kwa kutaka kujua, na mimi kwa kujiona karani hodari nikakupangia mpaka namba. Niliifurahia barua ile nilipokuwa nakuandikia. Bado nikiikumbuka yako, namba ya nne, mahali unaposema Ephrasia anafagia kaburi kwa macho akiwa ng'ambo ya ua, nasema hakuna karani Bukoba nzima anayeandika hivyo.

Kaa nyumbani. Mimi ni kijana.

Mwanao,
Datius


Muleba, 14 Agosti 1950

Mwanangu Datius,

Salamu kwa wote wa Miembeni, kwa Alistidia kwanza, wengine mgawane zinazobaki. Mgongo ni uleule. Kahawa imevunwa.

Najua umeshangaa kesi yako ilivyofutwa siku tano kabla ya siku yake, na umeniandikia mara tatu kuuliza, na sikujibu. Nilikuwa nangoja nijue mwisho wake. Sasa nimeujua, na nakueleza.

Tarehe 28 Juni nilipanda lori la Yunus, juu ya magunia. Kwako sikuingia. Nilipita mbele ya nyumba yako, nikaona nepi zimeanikwa kwenye kamba, nikahesabu nane, nikaenda. Ningeingia ungenifungia ndani.

Ofisini niliketi barazani mpaka jua likasimama utosini. Nilipoitwa nikasema kwa Kiswahili, "Barua ile niliiandika mimi." Lwakatare akamweleza Bwana Shauri kwa Kiingereza, wakacheka wote wawili. Si kwa ubaya, namna mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Lwakatare akasema, "Mama, rudi nyumbani, kumpenda mtoto wa kaka yako si kosa." Nikasema, "Waitu, mabwana zangu, nipeni karatasi."

Wakanipa. Nikaishika kalamu yao, ya chuma, si kama yangu. Wino ukadondoka, doa kubwa kama kunguni. Lwakatare akanyoosha mkono aichukue karatasi. Nikaikalia na kiwiko. Nikafuta kalamu kwenye kanga, nikajiambia niko mlangoni kwangu, nimetoka kupalilia. Nikaanza na kichwa cha habari, katikati, nikapiga mistari miwili. Halafu namba moja. Barua ile naijua kwa moyo, Datius, nimeitunga mwenyewe. Nilipofika namba ya tatu hofu ilikuwa imekaa pembeni, na Mungu anisamehe, nilikuwa naona raha. Niliongeza hata neno moja zuri ambalo mara ya kwanza halikunijia.

Bwana Shauri akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Alizitazama muda wa kumenya ndizi za sufuria nzima. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema, "Barua za Datius, alizoniandikia kuniuliza hali." Wala sikudanganya. Halafu Lwakatare akanisogezea kile kidude cha wino wa zambarau nitie kidole gumba. Nikamwambia, "Nimewaandikia ukurasa mzima mbele ya macho yenu, kidole cha nini?" Nikaandika jina langu. Hapo ndipo hofu iliporudi, kwenye jina tu, kwa sababu nilijua ni hilo watakalolipeleka kwa Rugemalira.

Jumapili iliyopita majibu yamekuja, kutoka barazani, kwa bahasha. Yameandikwa jina langu juu. Nimepata barua nyingi zako, lakini hii ndiyo ya kwanza kwangu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Watu walikuwa wametoka kanisani, wakanifuata mpaka uani, nyumba zote kumi na mbili, na Rutashobya alisimama nyuma yao. Hakuna mwingine wa kuisoma wanayemwamini. Basi nikaisoma kwa sauti.

Inasema Bwana Shauri ataleta mtu wa kuchunguza mambo ya nyarubanja hii, na mpaka uchunguzi uishe hakuna atakayetolewa, na Ephrasia arudi kwake. Watu wakaanza kushangilia. Nikawaambia ngojeni, haijaisha. Nikaendelea. Inasema Kokuberwa, mjane wa Ishengoma, kwa kuwa amekiri kuiandikia serikali malalamiko juu ya bwana wake bila kupitia barazani, amevunja desturi, na kibanja chake kitarudi kwa mwenye nyarubanja mwisho wa Septemba. Nilisoma mpaka sahihi, mpaka muhuri, mpaka tarehe.

Ephrasia alikuja akanishika mikono akalia sana. Halafu akafuta uso, akatazama chini kwa aibu, akaniomba nimsomee tena pale palipoandikwa jina lake.

Nikamsomea. Nilimsomea mara tatu.

Shangazi yako,
Kokuberwa